Siku Moja Maishani Mwangu: Tarishi Anayetegemea Treni na Basi

Kazi yangu ni kupeleka nyaraka kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kwa kuwa sina gari wala pikipiki, kutwa nzima nategemea treni na basi za mjini.

Saa 11:30 alfajiri nahakikisha mambo mawili tu: kwamba kadi ina salio, na kwamba hakuna njia iliyofungwa. Ratiba siiangalii, kwani saa hizi treni hupita kila baada ya dakika chache.

Saa 12:15 asubuhi niko stesheni. Kadi hugusishwa getini wakati wa kuingia na, pale nauli inapotozwa kwa umbali, wakati wa kutoka pia; asiyeigusisha mwishoni mara nyingi hukatwa nauli ya juu kabisa, kwa kuwa mtambo haujui ameshukia wapi. Jukwaani siamini rangi ya njia peke yake, maana rangi ni ileile kwenda na kurudi. Uelekeo huonyeshwa na jina la kituo cha mwisho. Kisha nasogea mahali litakaposimama behewa lililo karibu na ngazi za kituo nitakachoshukia. Mlango ukifunguka nakaa pembeni ili wanaoshuka watangulie, kwani behewa lililojaa halipokei watu kabla ya kutoa wengine.

Saa 3:00 asubuhi nabadilisha njia, na hapo ndipo muda mwingi hupotea. Ramani ya treni nayo humdanganya asiyeizoea. Ile aliyoichora Harry Beck kwa ajili ya treni za chini ya ardhi za London, iliyotolewa mwaka 1933, ilinyoosha njia na kupanga vituo bila kufuata umbali halisi, na mtindo huo umeigwa katika miji mingi. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha huifungua pia ramani ya mitaa, kwa sababu vituo viwili vinavyoonekana mbalimbali huenda vimetenganishwa na mtaa mmoja tu, na miguu ikawa ya haraka zaidi.

Saa 6:30 mchana nasubiri basi. Muda mrefu hupita bila basi lolote, kisha yanafika mawili yakifuatana. Watu huwalaumu madereva, lakini mara nyingi hawana kosa: basi likichelewa kidogo hukuta abiria wengi kituoni, likakawia zaidi kuwapakia, huku la nyuma likikuta wachache na kulikaribia. Mimi hupanda la pili, ambalo aghalabu lina viti, ilimradi namba yake ni ileile na haliishii njiani.

Saa 11:00 jioni ni msongamano mtupu. Begi hulivua mgongoni nikaliweka miguuni, na huanza kusogea mlangoni kituo kimoja kabla ya changu. Atakayengoja basi lisimame ndipo aombe njia, atapelekwa mbele.

Saa 3:00 usiku mzigo wa mwisho umekwisha kupokelewa. Sasa magari ni machache na ratiba ndiyo mwongozo wangu, tena huisoma kinyumenyume: naanza na saa ya basi la mwisho la kunifikisha nyumbani, ndipo nachagua treni itakayoniwahisha kulipanda.