Swali la Neema Kuhusu Sarafu

"Kwa hiyo shangazi, wewe na baba mlikuwa mnalipa ili mfe?"

Neema aliniuliza hivyo Jumapili usiku, pedi ya kuchezea mchezo wa video ikiwa mapajani mwake, na tangu hapo maneno hayo hayajanitoka kichwani. Nimekwenda nayo kazini na kurudi nayo. Nimeyasikia katikati ya hesabu za robo mwaka, ambazo hatimaye tumezikabidhi, na nimeyasikia kwenye benchi la hospitali siku mama alipotolewa mtoto wa jicho, salama, Mungu ashukuriwe.

Ile PlayStation 4, mashine ya michezo ya video ambayo Kaka Eliya, baba yake Neema, aliiacha kwangu alipohamishiwa Mwanza bado iko sebuleni, na ndani yake mna Capcom Arcade Stadium, mkusanyiko uliotoka mwaka 2021 ukiwa na michezo 32 ya mashine za sarafu, kuanzia ya mwaka 1984 hadi ya 2001. Nilimfungulia Neema Ghosts 'n Goblins wa mwaka 1985, kwa sababu ndio mchezo uliotulea mimi na baba yake nyuma ya duka lile la karibu na stendi, hapa hapa Moshi, ambako mwenye duka alituuzia sarafu za bati za kutumbukiza kwenye mashine. Arthur, yule askari wa mchezo, huvaa deraya, yaani vazi la chuma la vitani. Akiguswa mara moja, deraya inasambaratika na anabaki na chupi. Akiguswa mara ya pili, anabaki mifupa. Neema hakuyamaliza hata makaburi ya mwanzo. Alikufa, akabonyeza kitufe kinachoingiza sarafu isiyokuwapo, akafa tena, akabonyeza tena, kisha akaniuliza kama zamani kila kubonyeza kulikuwa na bei. Nikamwambia kulikuwa na bei. Ndipo akauliza lile swali.

Nilimjibu, "Ndiyo, tulikuwa tunalipa." Akanitazama kwa huruma, akasema, "Poleni," akaendelea kucheza.

Pole hiyo ndiyo iliyonichoma. Sarafu zile baba yake alizipata kwa kubeba mikungu ya ndizi sokoni Mbuyuni, Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, na hakuwahi kunihesabia. Kila mchezo ulikuwa na roho tatu, yaani unakufa mara tatu ndipo uishe; mbili alicheza mwenyewe na ya tatu aliniachia mimi, hata siku ambazo alikuwa amefika mahali ambapo hakuna mtoto mwingine wa mtaani aliyewahi kufika. "Roho ya mwisho ni ya dada," alikuwa akiwaambia waliosimama nyuma, na walionung'unika walinyamaza. Sasa nikilirudia lile swali, namsikia mtoto wake mwenyewe akimpa pole kwa jambo ambalo mimi nimelihesabu miaka yote hii kuwa miongoni mwa mema makubwa niliyotendewa.

Hata hivyo, kwa upande wa mashine, Neema amesema kweli. Mashine ile iliwekwa dukani ili ilete fedha, na mtoto aliyekaa nusu saa kwa sarafu moja aliziba nafasi ya watoto wengine wenye sarafu mkononi. Ghosts 'n Goblins ulikuwa mkali kiasi kwamba ukifika mwisho unaambiwa uliyoyaona ni mtego wa shetani, unarudishwa mwanzo, na unatakiwa kuirudia safari nzima ikiwa ngumu zaidi. Upo ugumu uliokusudiwa namna hiyo, na upo uliokuja wenyewe: katika Space Invaders wa mwaka 1978, kadiri wavamizi wanavyopungua ndivyo mashine inavyobaki na vichache vya kuchora, kwa hiyo waliosalia huongeza kasi, na Tomohiro Nishikado aliyeutunga mchezo huo alipoona unanoga aliuacha hivyo. Wa kukusudia na usiokusudiwa, ugumu wote uliishia kwenye kisanduku cha sarafu.

Kwa hiyo wiki hii nimekuwa nikitunga majibu. Nimejaribu kusema kwamba tulilipia ule muda kabla ya kufa. Nimejaribu kusema kwamba tulilipia watu wa nyuma yetu, wale waliopiga kelele "Usiuokote mwenge!" kwa sababu ukiupitia tu unauchukua, mkuki wako unapotea, na mwenge hurushwa kwa kupinda na hautabiriki. Hakuna jibu hata moja lililotosha, na Alhamisi nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kumwambia Neema tuuache mchezo huo.

Nilimkuta ameshika daftari. Mkusanyiko huu una kitufe cha kurudisha nyuma, ambacho mimi sikukipenda tangu mwanzo kwa kuwa nilikiona kinaondoa uzito wa kosa, na Neema alikuwa akikitumia kwa namna ambayo sikuitarajia. Alikuwa amefika kwa lile shetani jekundu lenye mabawa, linalokaa chini kama limelala, kisha huinuka na kuanza kuiepa mikuki. Alirudisha sekunde chache, akatazama, akarudisha tena. Kwenye daftari alikuwa amechora upinde wa kuruka kwa Arthur, na chini yake ameandika: "Akisharuka hawezi kugeuka. Amua kwanza." Jambo hilo sisi tulilijua kwa mwili, baada ya Jumamosi nyingi na mikungu mingi ya ndizi, na hakuna aliyewahi kuliandika. Sarafu haikuturuhusu kuchunguza. Ilitutaka tukisie haraka na tulipe kwa kila tulipokosea. Neema anausoma mchezo ule ule, bila haraka, akiwa na ruhusa ya kuuliza kila hatua swali lake.

Nilikaa naye mpaka saa nne usiku. Tulipolishinda lile shetani alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta, nami nilifurahi kama sijafurahi muda mrefu. Kisha, roho mbili zikiwa zimekwisha, alininyoshea pedi bila kuambiwa na mtu. "Hii ya mwisho cheza wewe, shangazi, baba aliniambia kwenye simu." Kumbe walikuwa wamezungumza. Sikumuuliza waliambiana nini kuhusu sarafu, na sidhani kama nitamuuliza.

Ninachokiwaza sasa ni kahawa ya shamba letu la Kibosho. Daktari amemkataza mama kuinama na kunyanyua vitu vizito, na yule kijana aliyekuwa akitupogolea amekwenda Babati bila kusema atarudi lini. Mama anasema anaona vizuri kuliko mwaka jana, na namjua: asipopatikana mtu kabla ya Jumatatu, atachukua mkasi aingie shambani mwenyewe.