Siku moja mlangoni mwa daladala, Coaster ya Bunju – Makumbusho, Dar es Salaam

Saa 9 na nusu usiku alamu inalia, naizima fasta mama watoto asiamke. Napiga magoti pembeni ya kitanda, na nisiwadanganye, kuna siku nalala hapo hapo kwenye magoti, Mungu anaijua kazi ya konda. Leo nimeomba kitu kimoja tu, anichungie mdomo. Mtaona huko mbele mambo yalivyoenda.

Saa 10 na nusu niko Bunju, gari ishaoshwa. Suka wangu, yaani dereva, ni Muislamu, adhana ya alfajiri ikilia anavuka barabara kwenda kuswali mi nabaki na gari napanga abiria, hajawahi kuniomba, ilitokea tu hivo na ikawa hivo. Na mimi Jumapili zangu ananitafutia deiwaka, konda wa kibarua cha siku, ashike mlango niende ibada. Ananiita Mchungaji. Alianza kwa kejeli, sa hivi ndo jina langu, wapiga debe wananiita hivo, abiria wananiita hivo, na hilo jina jamani ni zito kuliko gunia la mkaa. Konda mwingine akitukana watu wanasema makonda bana ndo walivyo, nikitukana mimi wanasema walokole ndo walivyo.

Kuhubiri ndani ya gari sijawahi. Wapo wanaopanda Tegeta wanahubiri mpaka Mwenge wanashuka, sawa, ni wito wao. Mi nina kipande changu kimoja tu Luka sura ya 3, pale watoza ushuru wanamuuliza Yohana Mbatizaji sasa sisi tufanyeje, na yeye hakuwaambia acheni kazi, aliwaambia msitoze zaidi ya mlichoamriwa. Basi. Nikisoma hapo naona kabisa makonda tumetajwa.

Saa 12 na nusu, Tegeta Nyuki. Hapa ndo penye kesi, madenti wamejaa kituoni. Denti nauli yake ni 200, mtu mzima analipa zaidi ya mara tatu ya hiyo, na hesabu ya tajiri, ile hela ya kila siku ya mwenye gari, haijui denti wala nani, inataka itimie jioni. Ndo maana utaona gari inapita kituo kama haijaona watoto, inaenda kusimama mita hamsini mbele wakimbilie wakubwa. Suka wangu alikuwa bingwa wa huo mchezo, akiona sare tu anakanyaga mafuta. Tumegombana miezi, kweli, mi nagonga bodi asimame yeye hasimami, nikawa nakaa kimya na sura yangu hii mpaka Makumbusho. Siku moja akasimama mwenyewe sijagonga. Nikamuuliza vipi, akasema nimechoka kuitazama hiyo sura yako kwenye kioo. Leo tumebeba tisa safari ya kwanza, kuna kadogo kamesinzia kameegemea mguu wangu na begi lake mpaka Afrikana.

Saa 4 asubuhi sasa. Tuko kwenye foleni, jua kali, gari imeshona, pale Mtongani anapanda mama na ndoo ya samaki kutoka Kunduchi anapeleka Mwenge. Ndoo haikufunikwa vizuri, gari ikayumba, maji ya samaki yakanimwagikia suruali yote mpaka kwenye viatu. Nikamjibu. Siandiki nilichosema, ila nilimgusa mpaka mama yake mzazi, kwa sauti ya mlangoni mnayoijua. Gari nzima kimya. Suka akanitazama kwenye kioo, safari hii yeye ndo alikuwa na ile sura. Dada mmoja wa nyuma akasema taratibu tu, "Huyu si ndo Mchungaji?"

Nyie, afadhali angenizaba kofi.

Tulipofika Lugalo nikamwambia mama samahani, nimekukosea, na nikasema kwa sauti ile ile niliyotukania maana kutukana hadharani afu kuomba radhi kwa kunong'ona naona ni wizi. Mama akasonya. Hakunijibu, alishuka Mwenge na ndoo yake hakugeuka nyuma. Na mimi nilitegemea angesema yaishe mwanangu, kama kwenye shuhuda za kanisani, kumbe si lazima.

Mchana nimekula wali maharage nimesimama, sina cha kusimulia.

Saa 10 jioni mvua. Makumbusho nyomi, na mvua ikinyesha bei inapanda, nauli waliyopanga LATRA, wale wa serikali wanaosimamia usafiri, inakuwa hadithi. Nikaita bei yetu ya siku zote. Konda wa gari ya nyuma akanifuata, "Mchungaji unatuharibia, we utakula mbinguni sisi tunakula leo." Sikuwa na jibu zuri maana ana watoto kama mimi. Pembeni kulikuwa na kijana ambaye kazi ya mlango nimemfundisha mimi mwenyewe, naye anaita bei ya mvua, ila kanipa mgongo. Zamani alikuwa anaita huku ananicheka usoni.

Suala la chenji sasa. Mchezo wa makonda ni "nitakupa mbele", afu unaomba abiria asahau. Mi nikiwa sina chenji naikariri kwa siti, dada wa kijani dirishani mia tatu, mzee wa kofia nyuma kabisa buku tatu, nikiipata tu naipeleka kabla hajaniuliza. Nalisema hili kwa sababu ya saa 2 usiku.

Saa 2 usiku, Mwenge, safari ya mwisho, anapanda yule mama. Ndoo tupu. Kaweka mguu mmoja ndani ndo akaniona, akasita, gari nyingine hakuna, akapanda akakaa siti ya mlangoni karibu na mimi kabisa. Nikachezesha sarafu kuomba nauli, akanipa noti ya elfu tano. Sina chenji. Nikafungua mdomo nimwambie, akaniwahi, "Utanipa mbele," akaweka ndoo mapajani, akalala. Akalala kabisa jamani, na elfu tano yake ninayo mimi.

Tangi Bovu nimeshakusanya ya kutosha nikaikunja chenji yake peke yake nikaibana kidoleni. Sikutaka kumwamsha. Mtongani nikagonga bodi, nikamgusa bega, mama tumefika, chenji yako hii. Akaihesabu. Akaihesabu tena chini ya taa ya mlangoni, akaifunga kwenye kanga, akashuka.

Suka akaondoa gari, hajasema kitu mpaka tunakaribia Boko.

"Mchungaji, leo umehesabiwa mara mbili."

Hesabu ya tajiri imepungua elfu sita. Suruali bado inanuka samaki.