Siku moja na stopuochi kwenye laini ya maji, Lubumbashi

Saa kumi na moja alfajiri natoka Katuba, nimevaa koti juu ya koti, maana baridi ya mwezi wa saba hapa Lubumbashi haichezewi. Basi mpaka upande wa Kampemba, sare, viatu vya kazi, kofia ya nywele.

Saa kumi na mbili kasoro robo. Timu ya usiku inakabidhi zamu. Mimi napima laini ya kujaza maji ya chupa. Sigusi mashine, nasimama kando ya mkanda na stopuochi na karatasi, na kwa sababu hiyo wengi wanadhani nahesabu watu ili ofisi ijue wa kumfukuza. Neno hilo nimelisikia mpaka limeniudhi. Ninayempima ni mashine. Ilipangiwa dakika ngapi? Imefanya kazi ngapi kweli? Kwa mwendo gani? Chupa ngapi zimetoka nzuri? Upatikanaji, mwendo na ubora vinazidishwa, tunapata TRS, yaani asilimia ya kazi nzuri iliyotoka kweli katika ile iliyopangwa. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, wenzetu wanaiita OEE. Kipimo hiki alikieneza Mjapani Seiichi Nakajima, na viwanda vingi vinalenga asilimia 85: mashine ipatikane kwa 90, ikimbie kwa 95, na chupa 99 katika kila 100 ziwe nzuri.

Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu hakuna kubwa. Laini yetu imewekewa chupa 100 kwa dakika. Tumebadilisha lebo, dakika 25. Jicho la mashine linaloona chupa lilishika unyevu, fundi akalifuta na kulikaza upya, dakika 18. Naandika.

Saa tatu na dakika 20 umeme unakatika.

Jenereta inashika, na baada ya dakika 10 kila taa inawaka. Mtu wa nje angesema kazi iendelee. Lakini chupa zetu tunazipuliza wenyewe. Prifomu, ile mirija mifupi ya plastiki inayopulizwa kuwa chupa, zilikwama ndani ya tanuri zikaungua. Lazima zitolewe zote kwa mkono, halafu tanuri lipate joto upya. Kompresa nayo inaanza kujenga presha toka chini. Chupa zilizokwisha kujazwa bila kufungwa zinamwagwa. Maji yaliyokaa wazi hatumuuzii mtu. Chupa nzuri ya kwanza inapita mbele yangu dakika ya 47.

Papa shefu wa laini anakuja moja kwa moja kwenye karatasi yangu.

“Mama, andika umeme, dakika 47.”

“Papa, umeme ulikuwa dakika 10. Hizi 37 ni za kuwasha laini.”

“Kwani aliyekata umeme ni mimi?”

“Hapana, papa. Humu hamna jina la mtu.”

“Basi andika umeme. Njo vile tunaandikaka siku zote.”

Namwelewa. Yeye ndiye ataitwa ofisini kujibu, na bila umeme kukatika, kusingekuwa na kuwasha upya. Lakini neno “umeme” likishaandikwa, mjadala umekufa. Hakuna atakayeuliza kitu, kwa sababu umeme hatuna mamlaka nao. Dakika 37 ni zetu. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikaona: fundi mmoja alianza na kompresa, tanuri likamsubiri, na walioweza kutoa prifomu walisimama tu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwapa kazi hiyo. Watu wawili kwenye tanuri wakati fundi yuko kwenye kompresa, laini ingeamka mapema zaidi. Hilo halitaonekana kamwe ndani ya mstari mmoja wenye neno moja. Nikamwambia hivyo. Akasema mimi ni mtoto, laini hii ameisimamia tangu inasimikwa hapa. Nikasema ni kweli, papa. Nikaandika mistari miwili, 10 na 37, nikamwachia nafasi ya sahihi. Hakuitia. Aliondoka akaizunguka mashine nzima bila kuniangalia.

Pumziko la nusu saa: bukari, ugali wetu, na samaki wa tomsoni. Nimekula haraka, mwili haukutaka kukaa; ningekaa nisingeinuka.

Baada ya hapo masaa yamechanganyika. Miguu inawaka moto, kelele za mkanda zimejaa kichwani. Nimehamia kwenye mashine ya kufunga vizibo kwa sababu pale ndipo siku inapoibiwa kimyakimya. Kizibo kinakwama kwenye njia yake, laini inasimama, yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, anayeilinda mashine hiyo anakisukuma kwa kijiti, sekunde 20 au 30, laini inaondoka. Mikono yake ni myepesi kiasi kwamba hakuna anayehisi kitu. Kusimama kwa chini ya dakika 5 hatukuandiki kama laini imesimama, kunahesabiwa kwenye mwendo. Nimebaki naye, namhesabia kila kijiti. Yeye ndiye aliyesema: “Boksi hili ni baya kuliko lile.” Nikatazama. Limetoka chini ya rundo kule depo. Vizibo vyake vimebonyea, si duara tena.

Saa nane, zamu imekwisha, hesabu yangu ndiyo inaanza. Dakika 480, toa 30 za pumziko, zinabaki 450. Laini imesimama 90: lebo 25, jicho 18, umeme na kuwasha 47. Katika 360 zilizobaki zingetoka chupa 36,000, zimetoka 28,800. Mbovu 576. Upatikanaji 80, mwendo 80, ubora 98: TRS ni asilimia 62.7.

Papa shefu amerudi, akaweka kidole kwenye pengo la mwendo. “Chupa 7,200 zimeenda wapi?” Nikamwambia ni sawa na dakika 72 za laini, zaidi ya umeme na kuwasha vikijumlishwa, nikampa vizibo vitatu vya boksi lile. Akavizungusha juu ya meza. Hakuna kilichozunguka sawasawa. Akavitia mfukoni, akatia sahihi mistari yote miwili, akaenda depo kuwaambia maboksi ya chini ya rundo yasipande kwenye laini kesho kabla yeye na yaya hawajayafungua.