Siku moja gereji Majengo: naandaa pikipiki ya kwenda Rungwa

Saa 12:00 asubuhi

Mwezi wa saba Dodoma ina upepo wa baridi asubuhi, vidole vinakufa ganzi kwenye spana. Nafungua gereji mapema kwa sababu leo kuna pikipiki moja inayonidai siku nzima. Ni Suzuki DR650, imekaa juu ya kreti la mbao bila tenki, bila kiti, na gurudumu la nyuma liko chini ya meza.

Mwenyewe ni dada mmoja mpima ardhi anayeishi Ilazo. Amechukua likizo. Anataka kutoka hapa kwenda Manyoni na Itigi, kisha ashuke kusini kupitia Rungwa hadi Makongolosi na Chunya, atokee Mbeya, na akamalizie Matema kwenye Ziwa Nyasa. Kurudi atapita Iringa na Mtera, huko sina wasiwasi, ni lami. Kazi iko kati ya Itigi na Makongolosi: zaidi ya kilomita 300 za pori, sehemu kubwa vumbi na mchanga, na vijiji vya kuhesabu.

Watu wengi wanaonijia na pikipiki za aina hii wanakuja na picha kwenye simu. Masanduku ya alumini, taa sita, vioo vya kuzuia upepo. Naangalia picha, halafu nauliza swali moja: hiki kikivunjika Rungwa, fundi wa bodaboda wa pale atakitengeneza kwa vifaa alivyo navyo? Kama hawezi, sikifungi, au nakifunga na cha akiba pembeni yake. Huo ndio msimamo wangu na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Saa 1:15

Dogo ninayemfundisha kazi ameingia. Tunakunywa chai ya maziwa na chapati kwa mama lishe wa hapo kona, ambaye kila mteja anamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", awe Mgogo au Mchaga. Dakika kumi, tumerudi.

Tunaanza na keria la pembeni. Nimekata bomba za chuma cha kawaida, nimezikunja jana. Dada alitaka alumini kwa sababu ni nyepesi, na ni kweli ni nyepesi. Lakini alumini ikipasuka njiani unahitaji mashine na mtu mwenye ujuzi wake. Chuma kinachomelewa popote penye jenereta na fimbo za kuchomelea, na Itigi, Chunya, hata kwenye vituo vidogo, fundi wa mageti na madirisha hakosekani.

Kabla fundi wa kuchomelea hajagusa, dogo anatoa nyaya zote mbili za betri. Umeme wa mashine ukipita kwenye mfumo wa pikipiki unaweza kuunguza kifaa cha kuwashia cheche, na hicho huwezi kukipata dukani Majengo. Tunaunganisha kwa vitone tu keria likiwa juu ya pikipiki, ili likae sawa na bolti zake, kisha tunalifungua na kulichomelea chini, mbali kabisa. Upande wa kulia tunaongeza bati, kwa kuwa ekzosi iko upande huo na begi la turubai halipendi moto.

Stendi nayo inapata kipande cha bati pana chini yake. Kwenye mchanga, stendi nyembamba inazama na pikipiki inalala.

Saa 3:40

Tenki. Hapa nataka nikae kidogo.

Tenki la kiwandani la DR650 linachukua lita 13. Kwenye lami, lita moja inakwenda kilomita 20 hivi. Kwenye mchanga, ukiwa na mzigo, mimi nahesabu 17, na sitaki mtu wangu ahesabu zaidi. Mara 13 unapata kilomita 221. Hazitoshi. Dada ameagiza tenki la plastiki la Acerbis la lita 20, kwa hiyo tunafika kilomita 340, na kidumu cha lita 5 juu yake ni akiba ya upepo mkali na kupotea njia. Vijijini utapata mafuta ya kwenye chupa, lakini nimemfungia kitambaa safi cha kuchujia kwenye mfuko wa vifaa, kwa sababu chupa hiyo jana ilikuwa ya kitu kingine.

Sasa, tenki la kiwandani lina koki inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini. Kuna mpira mwembamba unatoka kwenye kabureta kwenda kwenye koki. Injini ikizunguka, inavuta, koki inafunguka. Tenki jipya lina koki ya kawaida ya kufungua kwa mkono. Maana yake ule mpira mwembamba hauna kazi tena, na kitundu chake kwenye kabureta lazima kizibwe kwa kifuniko kidogo.

Natundika chupa ya mafuta kwenye msumari ukutani, nashusha mpira wake hadi kwenye kabureta, na kumwambia dogo awashe. Injini inanguruma vizuri. "Haya, toa kile kifuniko kidogo." Anakitoa. Mara moja mngurumo unayumba, na ekzosi inaanza kupiga vishindo vidogo. "Umesikia?" "Nimesikia, fundi." "Hewa inaingia pasipo mlango wake. Mafuta hayatoshi kwa hewa hiyo, injini inachemka. Mtu akitembea hivyo hadi Itigi, anaweza kuharibu pistoni." Anakirudisha, mngurumo unatulia. Tunakifunga na kibano cha waya, halafu tunapandisha tenki.

Lita 20 za petroli ni karibu kilo 15, na zote ziko juu na mbele. Hilo nalibeba akilini hadi jioni.

Saa 5:30

Anaingia afisa ugani na pikipiki yake ya kazi, mojawapo ya zile walizokabidhiwa hapa Dodoma mwaka 2022. Cheni imelegea, kichujio cha hewa kimejaa udongo mwekundu wa Chamwino. Hana safari ya likizo. Yeye kila siku ni korongo na njia ya ng'ombe. Namuheshimu sana mtu huyu. Tunaosha sponji ya kichujio kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, tunaianika. Ikikauka tunaipaka mafuta na kuikamua, na grisi kidogo kwenye ukingo inapokaa, maana vumbi la Dodoma ni laini kama unga na linapita hata pale ambapo maji hayapiti. Dada naye nimemwekea sponji ya pili iliyokwisha kupakwa mafuta, ndani ya mfuko wa nailoni. Atabadilisha Rungwa bila kuosha chochote.

Saa 7:00 mchana

Ugali wa uwele na mlenda. Jua limekuwa kali.

Saa 8:00

Dada amefika na mizigo yake. Mabegi ya turubai yameshonwa na fundi wa viti vya magari, rangi ya kaki. Mwanzo alikuwa amechagua bluu iliyokolea, nikamkataza. Pori la Rungwa lina ndorobo, yaani mbung'o, na wadudu hao wanafuata bluu na nyeusi. Ndiyo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Akabadilisha bila ubishi.

Tunavuka barabara hadi duka la nafaka la jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo mnauza nini?"

"Tunaomba mizani tu."

Begi la kulia, kilo 14. La kushoto, kilo 9. La nyuma juu ya kiti, kilo 12. Mzee anatikisa kichwa, anasema gunia likiegemea upande mmoja punda analala.

"Dada, fungua hili la nyuma tuone."

Kiti cha kukunja. Viatu vya pili. Kompyuta. Sufuria mbili.

"Fundi, kompyuta naihitaji."

"Unakwenda likizo, dada."

Anafikiri. Anaitoa kompyuta, anatoa kiti, anatoa sufuria moja. Viatu anavishikilia, na namwelewa, Matema kuna ufukwe. Vifaa vizito, yaani spana, pampu, vyuma vya kutolea tairi na kifaa cha kukatia cheni, tunavihamishia kwenye mfuko mdogo niliofunga mbele chini, karibu na injini. Uzito ukiwa chini na katikati pikipiki inageuka kwa hiari. Ukiwa juu na nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kwenye mchanga linajiamulia lenyewe. Tunapima tena. Kulia 10, kushoto 10, nyuma 6.

Masanduku magumu siyapendi kwa njia hii kwa sababu nyingine pia. Kwenye mchanga utaanguka tu, na mguu ukibaki chini ya sanduku la chuma, hapo ni mfupa. Begi laini linabonyea.

Saa 9:20

Matairi. Mbele ni inchi 21, nyuma 17, yote ya meno, yote ya tyubu. Nimeweka tyubu nene, kwani miiba ya migunga huku kwetu haina adabu. Tunapaka tyubu poda ya watoto isikunjane ndani. Nati ya valvu hatuikazi kwenye rimu. Tunaipandisha hadi kwenye kifuniko. Tairi likiteleza kwenye rimu kwa sababu ya upepo mdogo, valvu italala upande na dada ataiona mapema. Ukiikaza, valvu inachanika kimyakimya.

Akiba nimempa tyubu moja tu, ya mbele. Ya inchi 21 unaweza kuilazimisha kwenye gurudumu la nyuma ikakufikisha kijijini. Ya 17 haiendi mbele.

Waya wa klachi wa akiba sijauweka kwenye begi. Nimeulaza sambamba na ule unaofanya kazi, umefungwa kwa vibano, ncha zimezibwa zisiingie vumbi. Ukikatika, anahamisha ncha mbili na kuondoka. Cheni ndiyo kitu kimoja ambacho fundi wa kijijini hatamsaidia: bodaboda nyingi zinatumia cheni namba 428, hii ni 525. Kwa hiyo ana viungo vyake viwili na kifaa cha kukatia cheni.

Soketi ya kuchajia simu ina fyuzi yake karibu na betri. Taa za ziada hakuna. Nimemwambia usiku asitembee, kuna wanyama, na amekubali.

Saa 10:30 jioni

Tunatoka kujaribu. Yeye juu ya pikipiki ikiwa na mzigo wote na tenki limejaa, mimi nyuma kwa bodaboda. Tunapanda Ntyuka, tunachepuka kwenye njia ya vumbi kati ya mibuyu, tunafika kwenye korongo la mchanga mkavu.

Mara ya kwanza anaingia polepole, gurudumu la mbele linapinda, anaweka miguu chini. Tunapunguza upepo wa matairi, mbele PSI 18, nyuma PSI 20. Namwambia asimame kwenye vikanyagio, macho yaangalie ng'ambo, gia ya pili, na mkono usiachie mafuta hata akiogopa. Anarudi. Nyuma inatikisika, mbele inanyooka, anatoka ng'ambo na vumbi nyuma yake, anapiga honi mfululizo. Nilifurahi kama vile nimevuka mimi.

Shokapu ya nyuma inazama sana na mzigo, nimeisikia ikigonga kwenye kingo. Nitaikaza springi.

Saa 12:30 jioni

Springi imekazwa. Cheni nimeipima upya dada akiwa amekaa juu na mabegi yote, kwa sababu mzigo ukishuka cheni inakaza. Ukiipima pikipiki ikiwa tupu, barabarani inavuta mpaka inaua beringi. Dogo anapitia bolti zote za keria, anapaka mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Dada ataziangalia Manyoni, ataziangalia Itigi, na baada ya hapo kila anapozima injini.

Alidhani ameshamaliza, akaanza kutafuta pochi. Nimemwambia arudi kesho saa 2 asubuhi na nguo za kazi. Atatoa gurudumu la nyuma mwenyewe, atatoa tyubu, ataziba pancha na kulirudisha, mimi na dogo tumekaa kwenye benchi mikono mfukoni. Akishindwa atarudia mchana. Funguo za pikipiki zinabaki kwangu hadi hapo.