Kutoka Mwanza kwenda Mlima Meru: tupange siku kabla ya fedha

Tangu shemeji yangu aliponiarifu kuwa anataka tupande Kilimanjaro, nimekuwa nikimshawishi tuanze na Mlima Meru, na hoja yangu kubwa si nauli wala ada bali mahali tunapoishi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi wakazi wa Mwanza hudhani kwamba kwa kuwa tunapanda na kushuka vilima vya mawe vya Mabatini na Bugando kila siku, miili yetu imekwisha kuzoea milima. Miguu imezoea, sikatai. Mapafu hayajawahi kuonja hewa nyepesi ya mita 4,562, ambao ndio urefu wa kilele cha Meru, sembuse mita 5,895 za Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

Meru umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na njia yake huanzia lango la Momela, kwenye mita 1,500 hivi. Siku ya kwanza mtu hulala kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,514, na ya pili hulala kwenye vile vya Saddle, mita 3,570, ambapo mwenye nguvu hupanda Meru Ndogo alasiri, mita 3,820, kisha akarudi kulala chini kidogo ili mwili uzoee. Kileleni huendwa usiku wa manane, ili kufika juu jua linapochomoza.

Hapo ndipo tunapotofautiana. Shemeji ameona ratiba ya siku tatu na kuipenda kwa sababu ni nafuu, lakini ratiba hiyo humtaka mtu ambaye hajalala ashuke kutoka kileleni hadi langoni siku hiyo hiyo, yaani zaidi ya mita 3,000 za mteremko, na mwenye magoti ya umri wetu ataelewa maana yake. Siku ya nne, ambayo hutumika kulala tena Miriakamba, haimsaidii mtu kupanda. Inamsaidia kushuka salama. Ningependelea kupunguza matumizi ya Arusha mjini kuliko kuifuta siku hiyo.

Jambo la pili ni msimu. Likizo yake imeangukia Aprili, katikati ya masika, wakati ambapo ukingo wa kasoko (shimo la volkano), uliojaa majivu na mawe yasiyoshikana, huteleza na mawingu hufunika kila kitu. Juni hadi Oktoba ni kipindi kikavu zaidi, ingawa baridi ya usiku ni kali mno kwa mtu wa ziwani; jaketi zito na glovu tutazitafuta kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, lakini buti nashauri tununue mapema na kuzivaa mitaani kwanza.

Kuhusu njia, basi la kupitia Shinyanga, Singida na Babati huchukua siku nzima. Ipo pia ya Bunda, inayoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka na kutokea Ngorongoro. Kwenye ramani inavutia, ila utalipa ada za huko kote kabla hujauona Meru. Ada za raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni ndogo kuliko za wageni, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kisisahaulike nyumbani. Kuna pia askari wa hifadhi mwenye silaha anayeongozana na wapandaji, maana nyati wapo wengi kwenye msitu wa chini, na sitaki kusikia shemeji akisema kwamba tungeweza kwenda wenyewe.

Nimemwomba ajaribu kuisogeza likizo hadi Septemba. Mwajiri wake akikubali, kazi yangu ya kwanza itakuwa kuulizia vitanda vya Miriakamba kwa usiku wa kwanza na wa tatu.