Sampuli za ncha mbili: jinsi nilivyotatua makadirio yaliyovimba

Hatimaye namba zimekaa sawa, kwa hiyo naandika kumpunguzia mwingine usumbufu.

Tulikuwa tunachunguza jinsi jeni zinavyohusiana na kolesteroli. Bajeti ilitosha kusoma jenomu (DNA nzima) za sehemu tu ya kundi la utafiti, tukachagua wenye kolesteroli ya juu sana na ya chini sana, pamoja na wachache wa katikati kwa bahati nasibu. Mbinu ni nzuri: nchani ndiko taarifa nyingi zilipo. Lakini rigresheni ya kawaida (hesabu ya uhusiano kati ya vipimo) ilitoa athari ya kila aleli, yaani kila umbo la jeni, kubwa kupita kiasi.

Kuongeza umri na jinsia hakukusaidia. Kugeuza kolesteroli kuwa "juu" na "chini" kulituliza tatizo, ila vipimo vyote vya kati vikapotea bure.

Kilichofanya kazi ni kumpa kila mtu uzani: kinyume cha uwezekano wake wa kuchaguliwa, wazo la wanatakwimu Horvitz na Thompson la 1952. Kwenye R, programu ya takwimu, nilitumia twophase ya kifurushi cha survey, ambayo hurekebisha pia kosa sanifu (kipimo cha shaka ya makadirio).

Bado namba hazikukaa sawa kabisa. Siri ilikuwa kwenye uzani wenyewe: ukokotoe kwa kila tabaka (kolesteroli ya juu, ya kati, ya chini) kutokana na sampuli zilizopita ukaguzi wa ubora, si zilizopangwa kusomwa. DNA iliyoharibika haipungui sawasawa katika matabaka yote. Na wale wa katikati msiwaache, hata wakiwa wachache. Mwenye uwezekano sifuri hana uzani wa kumwokoa.

Watakaotaka usahihi zaidi wajaribu ukadiriaji wa uwezekano wa juu kabisa (maximum likelihood), unaotumia pia kolesteroli ya wasiosomwa jenomu.