Namba Iliyolala

Mjomba alilima viazi Uyole, Mbeya, na kuviuza soko la Mwanjelwa. Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilikaa kwake, ndipo nikaliona lile daftari. Matokeo ya bahati nasibu aliyokuwa akicheza, namba 6 kati ya 49, aliyaandika humo kila wiki bila kukosa.

"17 imelala wiki tisa, haijatoka," aliniambia jioni moja ya Juni, tumelizunguka jiko la mkaa kwa baridi. "Wiki hii inaamka. Naiwekea hela ya mbolea."

Hoja yake aliitoa shambani. Shamba likipumzika misimu miwili, wa tatu unajaza magunia. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake miaka thelathini ana haki ya kuyategemea, na hadi leo namheshimu kwa hilo. Ila udongo ukipumzika, rutuba inarudi. Mipira ya droo inarudishwa yote 49, vilevile ilivyokuwa.

Nilianza vibaya. Nilimwambia kupata zote sita ni tiketi moja kati ya 13,983,816. Akanijibu, "Lakini wapo wanaopata." Kweli, namba kubwa hivyo mtu haishiki.

Nikageuza karatasi ya kalenda ya zamani. Katika droo moja, namba 43 kati ya 49 hazitoki. Kwa hiyo 17 kukosa ndilo jambo la kawaida. Nikaandika 43/49 mara tisa, nikazizidisha zote pamoja, nipate nafasi ya namba yoyote kukosa droo zote tisa. Ikaja kama 31 katika 100, na kwa namba 49 hiyo ni kama 15.

"Maana yake, Mjomba, muda wowote utakaofungua daftari, namba kama 15 hivi zitakuwa zimelala wiki tisa au zaidi. Si 17 peke yake. Na Jumamosi nafasi yake ni 6 kati ya 49, kama wiki ya kwanza."

"Kumi na tano?"

"Hesabu mwenyewe."

Akaisogeza taa ya chemli. Alirudi nyuma droo tisa, akaanza na 1, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na kila namba asiyoiona aliiwekea punje ya hindi mkekani. Nilinyamaza. Nilikuwa na hofu kwamba zingetokea tatu au nne tu, nami nimeshaongea kwa uhakika mbele ya mtu mzima.

"Kumi na nne," alisema.

Akazikusanya punje zote mkononi, akaanza upya, safari hii kutoka 49 kushuka.